Mbwa Hii ya Nani?

Walukuba yote ilimjua kwa jina la Afande wa Mbwa. Uafande aliutoa polisi, alikoacha kazi kabla sisi hatujahamia Jinja. Mbwa aliwakuta manispaa, ambako kazi yake ilikuwa kuzunguka mitaani kuhakikisha kwamba kila mbwa ana mwenyewe na kila mwenyewe anafuata sheria za mji. Alizaliwa wapi hasa, sijui. Nilisikia ni mtu wa Lango, nikasikia tena ni wa Teso, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumuuliza, acha yabaki hivyo hivyo.

Ninachokijua ni buti zake. Zilikuwa nyeusi, za mpira, na alizivaa mvua inyeshe au jua liwake, pamoja na sweta la zamani la kipolisi lenye viraka viwikoni. Alikuja akikokota baiskeli. Hakuipanda kamwe akiwa kazini, maana alisema mbwa humfukuza mtu aliye juu ya gurudumu na humheshimu anayetembea. Nyuma ya baiskeli alifunga sanduku la bati lenye daftari, msumari mmoja mnene na vipande vya mikanda mikuukuu ya mashine za kiwandani. Vipande hivyo ndivyo alivyotengenezea kola.

Kola zake zilikuwa na utaratibu wake. Siku ya chanjo alipasha msumari moto kwenye sigiri ya makaa ya nyumba iliyo karibu, akapima shingo ya mbwa kwa vidole viwili, kisha akatoboa tundu moja. Moja tu, kwa shingo hiyo tu. Ncha ya mkanda aliipaka rangi nyekundu, na kuanzia siku hiyo kila mtu aliyekutana na mbwa huyo njiani alijua kwamba amechanjwa. Tulimcheka kwa kuringia mikanda mibovu utadhani anagawa medali.

Kosa letu sisi watu wa Walukuba lilikuwa hili: mbwa tulikuwa nao, wenye mbwa hatukuwapo. Nyumba zile zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda, zimeshikana ukuta kwa ukuta, na mbwa alikula makombo mlango huu, akanywa maji mlango ule, akabwekea wezi wa milango yote. Alipokuja mtu wa manispaa, mbwa yuleyule aligeuka mgeni. Hatumjui. Labda katoka Masese. Tulikuwa tunaogopa, maana sheria ilimtaka mwenye mbwa amchanje kila mwaka, amfunge mchana, amshike kamba akitoka naye, na akiuma mtu atoe habari siku hiyohiyo. Anayevunja hulipa faini, na akikaidi hulala rumande. Nani angejipeleka mwenyewe?

Siku ya kwanza alipofika mlangoni kwetu, mbwa wetu alikuwa amelala kivulini, miguu juu. Mume wangu, aliyekuwa fundi wa mashine kiwandani, ndiye aliyempa jina la Waseme, kuwajibu majirani waliosema hatuna chakula cha kulisha mbwa.

"Mbwa hii ya nani?" Afande akauliza.

"Sijui, Afande," nikasema. "Hii si yetu. Iko inapita tu."

Hakubishana nami. Alitoa kigoda kwenye baiskeli, akakaa katikati ya ua, akafungua chupa yake ya chai, akamimina katika kikombe chake cha bati. Chai ya mtu hakuinywa, hata ungemwapia kwamba ni chai kweli, ya majani na maziwa. Akakaa. Nikafua nguo, akakaa. Nikamenya ndizi, akakaa. Jua lilipoanza kulegea nikamwaga mabaki ya posho, ugali wetu, nyuma ya nyumba kama kila siku, na Waseme akainuka, akaja mbio, akala, kisha akajilaza kwenye kizingiti changu na kuweka kichwa juu ya ndara zangu.

Afande akafunga chupa yake. "Watu nasema uongo," akasema. "Mbwa hapana sema uongo." Akachana karatasi daftarini na kunikabidhi. Juu ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa: KWA MWENYE MBWA. Hakuandika jina langu, ingawa alilijua. Barua zake zote zilianza hivyo, na nililichukia neno lile, maana lilinifanya nionekane mhalifu katika ua wangu mwenyewe. Jumamosi iliyofuata nilimpeleka Waseme akachanjwa, akatobolewa tundu lake moja.

Alikuwa mkali kwa watu na mpole kwa mbwa. Kwetu alitoa amri kwa Kiswahili kile cha kambini, kilichowafanya wazee wa mtaa wanyamaze, maana walikuwa na kumbukumbu zao za miaka ya wanajeshi na lugha ile. Nabirye, jirani yangu, aliyeitwa hivyo kwa kuwa alizaa pacha, alisema kila akimsikia Afande anaongea anahisi kuinua mikono juu. Lakini mbwa aliwasemesha kwa sauti ya chini, akiwauliza habari za nyumbani na kungoja kama vile wangemjibu. Aliwaomba radhi kabla ya sindano. Mimi hakuwahi kuniomba radhi hata siku moja.

Na huyuhuyu ndiye aliyewaua. Mara moja moja, mbwa wa mitaani walipozidi, manispaa iliamua wawekewe nyama yenye sumu, na kazi hiyo hakumwachia mtu mwingine. Siku moja kabla alipita na kipaza sauti, mtaa hadi mtaa, akirudia maneno yaleyale: "Leo mbwa ni yako. Kesho ni ya sheria." Hapo ungewaona watu! Wale waliokuwa hawana mbwa mwaka mzima walitoka na kamba, na vipande vya kanga, na mikanda ya suruali, wakiwavuta ndani mbwa ambao jana hawakuwajua. Alisimama kando akitazama, na nadhani hapo tu ndipo nilipomwona akikaribia kucheka. Kesho yake alikuja na shati safi, akafanya kazi yake, akazika alichoua kwenye shimo lenye kina cha kiuno chake. Siku iliyofuata hakuonekana popote, na hakuna aliyemuuliza alikokuwa.

Yeye mwenyewe hakuwa na mbwa. Tulilizungumza hilo sana pale bombani. Wengine walisema alikuwa naye polisi, wakafanya kazi pamoja miaka mingi. Nilipomuuliza, alisema, "Mtu nachunga mbwa ya watu wote, yake ataweka wapi?" Kisha akaniuliza kamba ya Waseme iko wapi.

Sasa nifike kwenye lile la kola, maana bila hilo nisingekuwa namwandika leo.

Nabirye alikuwa na dume nene, rangi ya majivu, ambalo hakulichanja mwaka ule. Siku ya chanjo pacha walikuwa na homa, na baadaye akaona aibu kwenda peke yake ofisini. Ikasikika kwamba Afande anapita Ijumaa kukagua. Asubuhi Nabirye akaja kwangu kuazima kola, vile ambavyo angekuja kuazima ungo au chumvi. "Ya leo tu, Mama Nambozo. Wewe fungia yako ndani, mimi nitarudisha jioni." Nikaifungua shingoni mwa Waseme, nikampa. Sikufikiri mara mbili. Pale kwetu mtu asiyeazimisha ndiye aliyekuwa na kasoro. Mkanda haukutosha shingo ya lile dume, basi Nabirye akautoboa tundu la pili kwa ncha ya kisu.

Afande alipita asubuhi ileile, akaona ncha nyekundu kwa mbali, akaandika, akaenda zake. Nabirye na mimi tukacheka hadi tukashikana mabega.

Saa saba mchana akapita mama wa mukene, aliyetuuzia vile visamaki vidogo vya ziwani, beseni kichwani. Dume lile halikuwa limefungwa. Lilimrukia bila kubweka, likamuuma mguu nyuma ya goti, beseni likaanguka na mukene ukatapakaa ua mzima. Tukalifukuza. Yule mama akakaa chini, akaangalia damu, kisha akaangalia shingo ya mbwa.

"Haina neno," akasema. "Si iko na kola? Hii imechanjwa. Nipeni maji na chumvi."

Nabirye akanitazama. Mpaka leo nayaona macho yale. Akaenda kuleta maji na chumvi, na mimi nikainama kuokota mukene, kisamaki kimoja kimoja. Yule mama akanawa, akafunga mguu kwa kitambaa, akajitwisha beseni, akaendelea na njia yake akiita wateja.

Nilifika nyumbani nikakaa. Waseme alikuwa ndani, shingo tupu, akinilamba mkono. Nilijua kichaa cha mbwa kinamfanya nini mtu, Afande alitusimulia kila siku ya chanjo bila kupunguza. Alisema ukingoja mpaka mgonjwa aanze kuogopa maji, daktari hana tena cha kufanya. Nilijua pia kwamba nikisema, Nabirye ataumia, nami nitaumia pamoja naye. Nilivaa ndara nikaenda. Nilimkuta Afande karibu na soko akifunga sanduku lake, nikamwambia yote nimesimama, maana niliogopa nikikaa nitaanza kupunguza maneno.

Hakunigombeza. Aliita boda, akamtuma mwenye boda amtafute mama wa mukene hadi ampate na kumpeleka hospitali, na kwa mara ya kwanza nikamwona anapanda baiskeli akiwa kazini. Alinipita. Nilipofika uani nilimkuta amelifunga lile dume kwenye nguzo, ameivua kola, anaitazama. Akaninyooshea.

"Tundu mbili," akasema. "Mimi ningejua."

"Basi ungejua hata bila mimi," nikasema, na nakiri nilisema kwa hasira.

"Ningejua wiki ijayo, nikirudi." Akaiweka kola mfukoni. "Wewe umepa mama ile siku saba."

Nikadhani yamekwisha. Nikadhani mtu aliyesema ukweli kwa miguu yake mwenyewe atasamehewa. Afande akafungua daftari, akaandika karatasi mbili, moja ya Nabirye na moja yangu, zote KWA MWENYE MBWA. Kuazimisha kola ya chanjo ni kosa. Faini. Waseme achanjwe upya na afungwe asitoke mpaka dume lile limalize siku zake za kuangaliwa. Nikamwambia, "Afande, si mimi nimekuja kwako?" Akajibu, "Asante kwa kuja. Faini nalipia pale ofisi." Akaondoka akikokota baiskeli yake.

Dume lile lilikufa siku ya nne, likitoa povu. Mama wa mukene alimaliza sindano zake zote na akaishi. Alirudi kutuuzia, na kila alipofika kwangu alipima, kisha akaongeza konzi moja juu. Lakini Krismasi ile watoto wangu hawakuvaa nguo mpya, na Nabirye hakunisalimia mwaka mzima. Tulikuwa tunaanika nguo kamba moja, tumepeana migongo. Hilo liliniuma kuliko faini. Sikumsamehe Afande. Alipopita nilimjibu alichouliza tu, na kola mpya ya Waseme niliipokea kwa mkono wa kushoto ili aone.

Miaka ikapita. Kiwanda kikapunguza watu, mume wangu akawa mmoja wao, tukarudi kwetu Mbale na kufungua kiduka pale Malukhu. Waseme tulikuja naye juu ya lori la mizigo. Alizeeka, akawa kipofu, akafa uani kwetu, na nilimzika kwenye shimo lenye kina cha kiuno, kama nilivyoona likifanywa. Nikaapa sitafuga mbwa mwingine. Kuwa na mbwa ni kazi, na kumzika ni kazi nyingine.

Mwaka huu Nambozo wangu yuko chuoni, amepanga chumba Nkoma, hapahapa Mbale, na wanafunzi wenzake. Alikuja nyumbani Jumapili moja akicheka. "Maama, kule kwetu kuna mzee mmoja mkali! Wanafunzi wakitupia mbwa mifupa, anatoka na fimbo anapiga kelele, mbwa hii ya nani? Mbwa hii ya nani?"

Nikaacha kukata mboga. "Ana buti za mpira?"

"Umejuaje?"

Jumatano nilipanda boda hadi Nkoma. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya bintiye, muuguzi, ambaye wakati huo alikuwa kazini. Buti zilikuwa mlangoni. Miguu imemvimba hata haziingii tena. Sweta lilikuwa lilelile, lakini mtu aliyekuwa ndani yake amepungua nusu. Nilipotaja Walukuba alifikiri kidogo.

"Tundu mbili," akasema.

Tukacheka wote wawili. Sikutegemea kucheka na mtu yule. Akanimiminia chai kutoka kwenye chupa yake, na ilipokuwa mkononi mwangu ndipo nikapata moyo wa kumuuliza kwa nini hakunisamehe siku ile.

"Nilitaka," akasema. "Wewe hapana jua namna nilitaka. Lakini nikikuachia, watu watajua kwa Afande ukisema ukweli hulipi. Wataanza kuleta ukweli kama ile chai yenu." Akafunga chupa. "Nabirye nakusalimia siku hizi?"

"Ananipigia simu kila Pasaka."

"Vizuri. Hiyo niliogopa sana."

Kumbe alijua. Miaka yote ile nilidhani hakuona, kumbe aliona hadi kamba ya nguo. Nikanywa chai iliyobaki kwa mkupuo mmoja.

Gari la halmashauri ya jiji likapita barabarani na vipaza sauti. Kijana wa ndani alitangaza kwamba kesho ni siku ya kuondoa mbwa wasio na wenyewe, kila mtu amfunge wake na awe na cheti. Afande alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Anasema haraka sana. Watu hapana sikia."

Hapo ndipo nilipomwona mbwa mmoja. Alikuwa jike dogo la rangi ya chai, sikio moja limekatika, limejibanza nyuma ya tangi la maji. Shingo tupu.

"Afande, mbwa hii ya nani?"

"Sijui," akasema, akitazama pembeni. "Ya wanafunzi. Iko inapita tu."

Basi nikavuta kiti nikakaa. Nikamwambia leo duka analo mume wangu, mimi sina haraka. Tukaongea habari za Jinja, nani amekufa, nani amejenga. Bintiye akarudi, akapakua chakula, na mzee akala robo tu. Akasukuma sahani chini, polepole, kama mtu asiyejua mkono wake unafanya nini. Jike lile likatoka nyuma ya tangi, likala, likalamba sahani, kisha likajilaza na kuweka kichwa juu ya miguu yake iliyovimba. Wala hakuiondoa.

"Mbwa hapana sema uongo," nikasema.

"Ni yangu," akasema mwishowe. "Lakini mimi sitaandika. Daktari ameniambia habari yangu. Nikiweka jina yangu kwa cheti, baada ya miezi kidogo cheti itakuwa ya mtu amekufa. Mtoto yangu hapa nafanya kazi usiku na mchana, hapana weza mbwa. Mbwa ya mtu amekufa ni ya sheria." Akaupapasa mgongo wa lile jike. "Mimi mwenyewe nilizika nyingi namna hiyo. Kesho siwezi zika hii."

Nilikumbuka kiapo changu. Nilikumbuka shimo la kina cha kiuno, na uzito wa jembe. Kisha nikamwambia bintiye aniletee lile sanduku la bati, kama bado lipo.

Lilikuwepo. Mikanda ilikuwa imekauka, lakini mmoja ulifaa. Afande alipasha msumari kwenye sigiri, akapima shingo kwa vidole viwili, akatoboa tundu moja. Nilitaka kumsaidia, akaniondoa kwa kiwiko. Ncha hakuipaka nyekundu. Alisema nyekundu itangoja chanjo, kesho saa mbili, ofisini. Kisha akakaa wima kwenye kigoda chake, daftari juu ya magoti, na ile sauti ya Walukuba ikamrudia.

"Mbwa hii ya nani?"

"Yangu, Afande."

"Sema tena. Mtoto yangu asikie."

"Mbwa ni yangu."

Akaandika, akachana karatasi, akanipa pamoja na kamba. Nikalibeba jike lile hadi kwenye boda na kulipakata. Lilikuwa linatetemeka, likigeuza shingo kumtazama. Afande alikuwa ameinuka, amejishikilia kwenye fremu ya mlango, peku. Nilingoja aniage kwa jina langu, au amuage huyo mbwa wake.

"Mwenye mbwa!" akaita. "Kamba! Shika kamba vizuri!"

Nikaizungusha kamba mara mbili kiganjani, nikaiinua juu aione.